Vidole Vitatu, Kutoka Jioni Hadi Asubuhi

Kwenye kompyuta ya mkononi, chini ya vitufe vya herufi, kuna mraba laini usio na alama yoyote. Watu wengi wanaokuja dukani kwangu wanauogopa. Wanaugusa kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la pasi, halafu wananiomba suri, ndivyo tunavyokiita hapa Rumonge kile kipanya chenye waya. Nami huwaambia: subiri kwanza, mraba huu unajua kuhesabu. Weka vidole viwili, visukume juu polepole. Karatasi iliyo kwenye kioo inapanda. Weka vitatu, vipeleke kando. Karatasi inaondoka na nyingine inakuja. Wapo wanaocheka. Wapo wanaoondoa mkono haraka, kana kwamba kuna mtu amewashika.

Duka langu ni la kuchapa na kufotokopi, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni kwenda ziwani. Nimefundisha watu kompyuta kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimesahau kushangaa. Aliyenirudishia mshangao ni dada yangu mkubwa, ambaye mpaka mwaka huu hakuwa amegusa kompyuta hata kwa kuifuta vumbi.

Dada alikuwa fundi wa nyavu. Baba alimfundisha kazi hiyo akiwa msichana, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine mwenye subira ya kukaa. Alikaa mchangani, miguu imenyooka, kona ya wavu imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake, mgongo umepinda kama ndoano, na kwa namna hiyo alilea watoto na kuwaozesha. Mwaka huu mgongo ulikataa. Daktari alimwambia asikae chini tena, asiiname tena. Kaka yetu mkubwa, anayelima Bugarama, hakungoja aulizwe. Alipaka chokaa chumba kimoja kwenye nyumba yake, akanunua kitanda, akatuma ujumbe kwamba dada ahamie huko kabla ya mwezi kuisha.

Nyumba ya kaka iko juu, upande ambao ziwa halionekani.

"Chumba ni kizuri," dada aliniambia, amesimama mlangoni pa duka huku ameshika kiuno. "Kaka ni mtu mwema, Mungu amuzidishie. Lakini mimi sitazeekea mahali nikiamuka sisikii maji. Mudogo wangu, nitafutie kazi ya kufanya nikiwa kwenye kiti."

Kazi ilikuwepo. Chama cha wenye mitumbwi pale ufukoni kilikuwa kinatafuta sekretere. Kila jioni mlinzi wa ufuko huandika kwenye karatasi namba ya kila mtumbwi unaotoka kwenda kuvua ndagala, dagaa wa ziwa letu, na asubuhi huandika namba ya kila unaorudi. Sekretere ndiye anayelinganisha karatasi hizo mbili. Namba iliyo kwenye karatasi ya jioni na haipo kwenye ya asubuhi ni watu ambao hawajarudi. Kadiri namba hiyo inavyojulikana mapema, ndivyo mashua ya kuwatafuta inavyoondoka mapema. Kwa miaka mingi ulinganishaji huo ulifanywa kwa kidole juu ya karatasi, na zipo siku ambazo adhuhuri ilifika kabla mtu hajagundua kwamba kuna mtumbwi haupo. Sasa chama kilikuwa kimepata kompyuta, na mlinzi alikuwa amefundishwa kuziingiza namba. Aliyekosekana ni wa kuzilinganisha.

Prezida wa chama, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, alimsikiliza dada mpaka mwisho. Halafu akamwambia aje Jumatatu asubuhi, afanye kazi yenyewe mbele ya kamati, kwa namba za siku hiyo hiyo. Kama atamaliza kabla wao hawajamaliza chai, kazi ni yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Naomba nieleze kazi ilivyo kwenye kompyuta, maana ndipo kila kitu kilipoanzia. Kuna majedwali mawili, kila moja kwenye dirisha lake: la jioni na la asubuhi. Jedwali la asubuhi halifuati mpangilio wa la jioni, kwa kuwa mitumbwi hairudi kwa foleni. Unachukua namba kwenye la asubuhi, unanakili, unahamia la jioni, unaitafuta, unaweka alama mbele yake, unarudi. Mtu anayetumia suri husogeza kishale, hubonyeza kulia, huchagua, husogeza tena chini kabisa ya kioo, hubonyeza, na kadhalika mpaka kifundo cha mkono kinamuuma. Kwa mtumbwi mmoja si kitu. Kwa mitumbwi hamsini ni asubuhi nzima.

Njia za mkato zipo kwa ajili hiyo. Mkono wa kushoto unabaki kwenye vitufe: Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika. Mkono wa kulia unabaki kwenye mraba, na hapo unaweza kuiagiza kompyuta: vidole vitatu vikienda kando, nibadilishie dirisha; vikigonga mara moja, nifungulie kisanduku cha kutafutia. Hakuna mkono unaosafiri.

Nilimpangia dada ishara zangu mwenyewe, zile ninazozitumia na kuzipenda, nikamwandikia kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Nikamwambia, "Yaya, hakuna haraka. Anza na moja." Yaya ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu upande huu wa ziwa.

Akaweka kidole gumba, cha shahada na cha kati. Akavivuta chini kwa nguvu.

Madirisha yote mawili yakatoweka. Ikabaki picha ya ua ambayo kompyuta ilikuja nayo.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Umevuta chini. Ukivuta chini, inaficha kila kitu."

"Nimezamisha mitumbwi yote!"

"Hujazamisha, yaya. Umeificha tu. Vuta juu, itarudi."

Ilirudi. Baada ya dakika moja akavuta chini tena. Na tena. Mchana wa siku ile, kwa hesabu yake mwenyewe, alizamisha kikosi chote cha Rumonge mara tisa, pamoja na cha ufuko wa Kabonga. Mteja aliyekuja kufotokopi cheti chake alimuuliza kama kazi anayojifunza ni ya uvuvi au ya dhoruba.

"Wewe fotokopi kikaratasi chako uende," dada alimjibu. "Na namba ya mutumbwi wa bwana yako nitaitafuta ya mwisho."

Kucheka tulicheka, lakini jioni alipokuwa anaondoka aliniuliza kama kaka amekwisha kulipa gari la kubeba vitu. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Lilikuwa limelipwa.

Jumatano jambo jingine likazuka, na hilo lilinitoa jasho. Kishale kilianza kuruka. Dada anagusa hapa, kishale kinakwenda kule. Anaweka vidole viwili, kompyuta inahesabu vinne, au haihesabu kitu. Mimi nikikaa kwenye kiti kile kile, kila kitu kinatii. Akirudi yeye, wazimu unarudi.

Kwanza nilishuku mawese. Rumonge ni mji wa mawese. Yapo kwenye chakula, kwenye mikono, kwenye noti. Mchana tulikuwa tumekula ndagala pamoja, kwa hiyo nilimnawisha mikono kwa sabuni mara mbili kama mtoto, nikaufuta mraba kwa kitambaa kikavu. Kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri. Halafu kishale kikaruka tena.

"Ordinateri yako hainipendi," alisema.

"Haijui kupenda wala kuchukia."

"Basi inanijua mimi ni nani. Iko inaniambia, wewe nenda Bugarama."

Nikabadilisha kompyuta. Ya pili ikafanya vile vile. Nikaketi usiku ule nikisoma kila ukurasa wa mipangilio, na sikupata jibu.

Alhamisi asubuhi alikuwa na wavu mmoja wa mwisho wa kumkabidhi mwenyewe. Daktari alikuwa amekataza, lakini lilibaki tundu moja tu, na dada hawezi kumrudishia mtu wavu wenye tundu. Nikamfuata ufukoni na kiti cha plastiki, nimlazimishe akae juu. Akakubali kiti. Kona ya wavu akaifunga mguuni kama siku zote. Nami, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nizaliwe katika familia hii: nilimtazama akifanya kazi.

Sijui nielezeje. Yeye alikuwa anazungumza na mwanamke aliyeanika ndagala pembeni, habari za arusi fulani, macho yake yako kwa yule mwanamke. Mikono ilikuwa peke yake. Mkono wa kushoto ulishika jicho la wavu na kulisubiri. Wa kulia ulileta sindano yenye uzi, ukapita nyuma, ukazunguka, na hapo vidole vitatu, gumba, shahada na kati, vikabana na kuvuta chini. Fundo likakaza. Kisha vikahamia kando, jicho linalofuata. Chini, kando. Chini, kando. Nilipojaribu kuhesabu mafundo nilishindwa; jicho langu lilikuwa linafika wakati vidole vimekwisha kuondoka. Mara moja alikosea, na bila kusimamisha hadithi ya arusi vidole vile vitatu vikasukuma uzi juu, fundo likafunguka, akalifunga upya.

Na kila baada ya mafundo machache mkono wa kulia ulipanda mdomoni. Ncha za vidole zikagusa ulimi, zikarudi kwenye uzi. Uzi mkavu wa nailoni huteleza. Ukiulowesha kidogo fundo linashika.

Nilisimama. Mwanamke wa ndagala alidhani nimeumwa na siafu.

"Yaya," nilisema, "unalamba vidole."

"Kila mutu wa nyavu analamba vidole. Baba alilamba. Wewe umeona leo?"

"Dukani pia unalamba."

Akaangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Mraba wa kompyuta unasoma ngozi kavu. Ukiuwekea unyevunyevu unachanganyikiwa, tone moja linakuwa kidole cha nne. Miaka arobaini mkono ule ulikuwa ukienda ulimini kila mara kazi ilipotaka umakini. Kwa hiyo kadiri dada alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kuulowesha.

Alicheka mpaka akashika mgongo. Halafu akakata uzi, akanipa wavu niukunje.

"Sasa nikuambie na mimi," alisema. "Ile karatasi yako ya ukutani, uiondoe. Unafundisha vidole vyangu, na vidole vyangu vimesoma zamani. Hiyo ordinateri ndiyo haijasoma. Ifundishe yenyewe."

Nimewahi kuhudhuria mafunzo ya kompyuta mjini Bujumbura, nikakaa mstari wa mbele na daftari. Hakuna aliyeniambia jambo kubwa kama hilo. Ile sehemu ya mipangilio, ninayoifungua karibu kila siku, imewekwa pale ili mashine ijifunze mkono. Mimi nilikuwa nikiitumia kuufundisha mkono wa kila mtu uwe kama wangu.

Tulirudi dukani, nikabandua karatasi ukutani, nikafungua mipangilio ya mraba, nikafuta yote yaliyokuwamo. Nikamuuliza swali moja moja, na yeye akajibu kwa mkono hewani.

"Ukimaliza fundo?"

Akavuta vidole vitatu chini. Nikaiagiza kompyuta: vidole vitatu vikishuka, hifadhi kazi. Yaani kaza.

"Ukikosea?"

Akasukuma juu. Nikaandika: vikipanda, tengua kosa la mwisho.

"Ukienda jicho linalofuata?"

Akapeleka kando. Hiyo ikawa kuhama kutoka dirisha la jioni kwenda la asubuhi, na upande mwingine kurudi.

"Ukitafuta tundu liko wapi?"

Akagonga kidogo, kama anavyogonga wavu uliotandazwa ili uonyeshe palipolegea. Hicho kikawa kisanduku cha kutafutia.

Halafu nikampa kiti. Akaanza polepole, kushoto akibonyeza herufi zake mbili, kulia akigonga, akihama, akikaza. Baada ya namba kumi macho yake yalikuwa hayaangalii tena mkono. Baada ya ishirini alianza kunisimulia ile arusi.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nywele za mikono yangu zimesimama pia. Mashine iliyotengenezwa mbali, na watu wasiojua kwamba Rumonge ipo, ilikuwa inaitikia kazi ya marehemu baba. Chini, kando. Chini, kando. Niliyajua mafundo hayo tangu utotoni na sikuwa nimewahi kuyaona.

Ulimi ndio uliobaki. Kila akipata namba ngumu, mkono ulipanda. Tulijaribu kitambaa kando ya kompyuta, akakisahau. Nilijaribu kumkumbusha, akanikaripia kwamba namkata mawazo. Ijumaa, baada ya swala, alikuja na dawa aliyoibuni mwenyewe: kipande cha uzi wa nailoni, urefu wa kidole, amekishika katikati ya midomo. Mdomo ukiwa na uzi, mkono hauna cha kufuata huko. Ukipanda unakuta uzi, unakumbuka, unashuka.

"Na kama wakikuuliza?" nilisema.

"Nitawaambia natafuna mitaji ya kazi."

Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa kwenye ofisi ya chama, chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama ziwa. Kamati ilikuwa watu wanne: prezida, wazee wawili wenye mitumbwi, na mwanamke mmoja anayenunua ndagala kwa jumla, ambaye ulimi wake unajulikana kuanzia Magara hadi hapa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekwisha kuiwekea kompyuta yao mipangilio ya dada, kwa ruhusa yao. Nami nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

"Amahoro, mama," prezida alisema.

"Amahoro, Prezida."

"Unatafuna nini?" aliuliza yule mnunuzi wa ndagala.

"Uzi, mama."

"Toka lini ordinateri inashonwa?"

"Toka leo," dada alisema, uzi ukining'inia.

Chai ikamiminwa kwenye vikombe vinne. Mvuke ulikuwa unapanda. Dada akaweka vidole vitatu juu ya mraba, na nikaona begani mwake ule utulivu unaomjia anapofunga wavu mguuni.

Akaanza. Namba, kugonga, alama, kando. Namba, kugonga, alama, kando. Kila baada ya mitumbwi mitano vidole vilivutwa chini, akakaza. Mzee mmoja aliinama mbele aone vizuri, akasahau kunywa. Mkono ulipanda mara moja, ukagusa uzi, ukashuka. Mnunuzi wa ndagala alikuwa na kikombe hewani, midomo imechongoka, hapulizi.

Halafu mikono ikasimama.

Nilidhani amekwama. Nilidhani kishale kimeruka. Niliiona barabara ya Bugarama, gari limejaa, kitanda chake juu.

"Prezida," dada alisema, na akautoa uzi mdomoni. "Nimemaliza. Lakini namba thelathini na mbili haina alama. Ilitoka jioni. Asubuhi haiko."

"Umeruka," alisema mzee wa kwanza.

"Sijaruka."

Akarudi dirisha la asubuhi mbele ya macho yao, akagonga kwa vidole vitatu, akaandika thelathini na mbili. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna. Prezida akaichukua karatasi ya mlinzi, ile ya kalamu, akaisoma kwa kidole kuanzia juu hadi chini. Alipofika mwisho alianza tena juu. Kisha akatazama dirishani. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe, na halikuwa na kitu juu yake.

Mzee wa pili naye alitazama ziwa. Aliweka kikombe chini kwa mikono yote miwili. "Ni wa mwanangu," alisema.

Prezida alikuwa tayari ana simu sikioni. Alimpigia mlinzi, akaamuru mashua ya mota isukumwe majini. Akapiga simu ufuko mmoja, akapiga wa pili. Mnunuzi wa ndagala, bila kuulizwa, akapiga Magara kwa mwanamke mwenzake wa biashara, na yeye ndiye aliyepata. Nilimsikia akisema, "Rangi gani? ... Watu wangapi? ... Wote?" Akafunga macho. Akayafungua.

"Wako Magara," alisema. "Mota imekufa katikati, wamepiga kasia mpaka kule. Wote wanne. Simu zao zimelowa. Wako wanakula."

Mzee wa pili akafunika uso kwa kofia yake. Mnunuzi akamsogelea, akamshika bega, na sauti yake ikarudi ilivyo siku zote: "Futa machozi, baba. Na umuulize mwanao, ndagala zetu anakwenda kuuza Magara kwa visingizio vya mota?"

Watu wote wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Prezida alikaa. Akachukua kikombe chake, akanywa, akakiangalia. "Chai bado haijaisha," alisema kwa ile sauti yake ndogo. Akamgeukia dada. "Mama, kesho uje saa kumi na mbili. Kabla ya mitumbwi."

"Murakoze, Prezida," dada alishukuru.

Kaka alishuka kutoka Bugarama siku chache baadaye, amekasirika kwa ajili ya gari. Nilimpeleka ofisini akaone. Alisimama mlangoni muda mrefu, akitazama ile mikono, na nadhani alimwona baba kama nilivyomwona mimi.

"Na kile chumba?" aliuliza mwishoni.

"Weka mbuzi," dada alisema bila kugeuka.

Siku hizi mtu akija dukani kujifunza, simfungulii kompyuta kwanza. Namuuliza mikono yake inafanya kazi gani. Juzi nilikuwa na msusi wa nywele, na vidole vyake vilinionyesha mambo ambayo sijui nitayapangaje, lakini tutayapanga.

Asubuhi nyingine mimi hupita kwenye ofisi ya chama kabla ya kufungua duka. Dirisha liko wazi, maji yanasikika. Dada amekaa wima kwenye kiti, uzi katikati ya midomo, vidole vitatu vikitoka jioni kwenda asubuhi na kurudi. Nasubiri mpaka namba ya mwisho ipate alama yake, na vidole vivute chini, na yeye autoe uzi mdomoni na kuuweka juu ya meza.

"Wamerudi wote," huniambia. Ndipo ninapokwenda kufungua duka.